Bomba la Alaska liko juu, la kwetu Tanga limefukiwa: barafu ikiyeyuka, kampuni zitahamia Aktiki?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Kaka, nimeona picha za bomba la mafuta la Alaska, limewekwa juu kwenye nguzo halafu linaenda likipindapinda, wakati hili letu la kuja Chongoleani wanalifukia. Kwa nini? Halafu kuna jamaa hapa kijiweni kila siku anatuambia robo ya mafuta ya dunia iko chini ya barafu ya Aktiki, na kwa vile dunia inapata joto barafu inayeyuka, kuchimba kutakuwa rahisi, kampuni zote zitakimbilia huko na gesi yetu ya Lindi itabaki chini milele. Ana ukweli huyu?"

Asante sana ndugu yangu. Nimefurahi umeanzia kwenye picha ya bomba, maana ukishaelewa kwa nini lile bomba liko juu, hilo la jamaa yako litajijibu lenyewe kwa sehemu kubwa. Ntaandika kwa urefu kidogo, nivumilie, hii mambo nimeifuatilia miaka mingi na huwa inaniuma kuona inaelezwa kinyume.

Tuanze na bomba. Mafuta ya Prudhoe Bay yaligunduliwa 1968, huko juu kabisa kaskazini mwa Alaska, jimbo la Marekani linaloingia kwenye eneo la baridi kali la Aktiki, pembeni ya bahari ambayo sehemu kubwa ya mwaka imeganda, meli ya mafuta haifiki. Ikabidi yasafirishwe kwa bomba mpaka bandari ya Valdez upande wa kusini ambako bahari haigandi, kilomita 1,287, kipenyo inchi 48, mafuta ya kwanza yakaingia humo Juni 1977 na gharama ilifika kama dola bilioni 8 za wakati ule. Njiani kuna safu tatu za milima na mamia ya mito na vijito, lakini milima na mito wahandisi wanajua namna ya kuvuka, kilichowatoa jasho ni udongo wenyewe.

Udongo wa kule umeganda. Sio umeganda kwa msimu, hapana, umeganda miaka maelfu na maelfu, wataalamu wanauita pamafrosti, na pale Prudhoe Bay umeganda kwenda chini karibu mita 600. Kiangazi tabaka la juu tu ndo linayeyuka kidogo, linakuwa tope na madimbwi, halafu baridi ikirudi linaganda tena. Na ndani ya huo udongo kuna barafu kweli kweli, sehemu nyingine barafu ni nyingi kuliko udongo wenyewe. Ukiwa umeganda ni mgumu kama zege, unaweza kujenga ghorofa juu yake. Ukiyeyuka unabaki uji, na ardhi inazama kwa sababu ile nafasi iliyokuwa ya barafu sasa imegeuka maji na maji yamekimbia.

Sasa mafuta yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Hifadhi ya Prudhoe Bay iko chini zaidi ya kilomita mbili na nusu, na kule chini kuna joto, kwa hiyo miaka ya mwanzo mafuta yalikuwa yanaingia kwenye bomba yakiwa na nyuzi karibu 50. Mpango wa kwanza wa kampuni mwaka 1969 ulikuwa kulifukia karibu bomba lote, walizoea hivyo Texas na kwingineko. Akatokea mwanajiolojia wa serikali ya Marekani, Arthur Lachenbruch, mwaka 1970 akapiga hesabu zake akaonyesha kwamba bomba la ukubwa ule likifukiwa mita chache tu chini na likawa na joto la nyuzi 80, ndani ya miaka michache litayeyusha udongo unaolizunguka kwa upana wa mita 6 hadi 9, na ule udongo ulioyeyuka unaweza kuteremka hata kwenye mteremko mdogo ambao kwa macho hauuoni. Bomba litabaki linaning'inia bila kitu chini yake, litapinda, litapasuka. Zile hesabu zilibadilisha mradi mzima.

Ndo maana unaona nguzo. Kilomita kama 676 za lile bomba ziko juu, zimebebwa na nguzo karibu 78,000, kila baada ya mita 18 hivi jozi moja. Zinazobaki zimefukiwa kwa sababu pale udongo ni mwamba au changarawe isiyokuwa na barafu nyingi, ukiyeyuka hautikisiki.

Na hizo nguzo zenyewe ukiziangalia vizuri kwenye picha utaona juu yake kuna vitu viwili vimesimama vina mapezi mapezi ya alumini. Hivyo ndo ninavyovipenda kuliko kitu chochote kwenye huo mradi. Ni mirija imezibwa pande zote, imeshuka ndani ya nguzo mpaka chini ardhini, na ndani yake kuna amonia. Majira ya baridi hewa ya juu inakuwa baridi kuliko udongo wa chini, basi ile amonia iliyoko chini inapata joto kidogo la udongo, inachemka, inakuwa mvuke, inapanda juu, inafika kwenye yale mapezi inakutana na hewa ya nyuzi thelathini au arobaini chini ya sifuri, inapoa inageuka tena kimiminika na kutiririka chini kwa uzito wake. Inazunguka hivyo hivyo miezi yote ya baridi, kila mzunguko unatoa joto kidogo ardhini na kulitupa hewani. Hakuna umeme, hakuna pampu, hakuna mtu wa kuwasha. Udongo unagandishwa zaidi ya ulivyokuwa ili uweze kuvumilia kiangazi kinachokuja, na kiangazi kikifika hewa ina joto kuliko ardhi, ule mzunguko unasimama wenyewe. Iko mirija kama 124,000 ya aina hiyo kwenye lile bomba.

Kule kupindapinda sasa. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kati ya kiangazi na baridi ya Alaska tofauti ni kubwa mno, ukiliweka bomba limenyooka kabisa litajisukuma lenyewe mpaka ling'oe nguzo. Likiwa na kona kona linatanuka kwa kusogea kushoto na kulia juu ya vyuma vya kuteleza. Hiyo pia iliwasaidia kwenye matetemeko, tarehe 3 Novemba 2002 kulipiga tetemeko la ukubwa wa 7.9 kwenye ufa wa Denali ambao bomba linaupita, ardhi ikasogea mita kadhaa, bomba likateleza juu ya mihimili yake na halikumwaga mafuta.

La kwetu je? Bomba la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, nalo linabeba mafuta ya moto, tena lenyewe linapashwa joto makusudi kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kwenye bomba, kwa hiyo lazima yabaki kwenye nyuzi kama 50 au zaidi muda wote. Ila udongo wa Kagera, Singida, Kiteto mpaka Tanga hauna barafu ya kuyeyusha. Ukilifukia unalinda joto lake, unalinda usalama, na watu na mifugo wanapita juu. Kwa hiyo yote mawili ni mabomba ya mafuta ya moto, kinachotofautiana ni ardhi iliyo chini yake tu.

Tena kuna kitu watu wengi hawakijui, hata lile la Alaska sasa limeanza kupata tatizo linalofanana na letu. Mwaka 1988 lilikuwa linapitisha zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku, siku hizi ni chini ya mapipa 500,000, na mafuta yakiwa machache yanakwenda polepole, zamani yalifika Valdez ndani ya siku nne na nusu hivi, sasa yanachukua zaidi ya wiki mbili. Yakichukua muda mrefu yanapoa njiani, nta inajitenga inaganda kwenye kuta za bomba, na matone ya maji yaliyomo yanaweza kuganda kuwa barafu. Ikabidi waanze kuyaongezea joto njiani.

Haya, tuje kwa jamaa wa kijiweni.

Hoja yake ukiisikiliza haraka ina mantiki: barafu ni kizuizi, kizuizi kikiondoka njia inafunguka. Ila kwa nchi kavu ya Aktiki ni kinyume kabisa. Kule baridi ndo fundi mkuu. Kila kitu walichojenga kwa miaka zaidi ya hamsini kimejengwa kwa kuamini kwamba ardhi itabaki imeganda, na kazi zenyewe zinafanyika wakati wa baridi, sio kiangazi kama tungetegemea sisi watu wa joto.

Nikupe mfano wa barabara. Kaskazini mwa Alaska kuna barabara moja ya kudumu inayotoka kusini, ile ya Dalton, inaishia Deadhorse. Kwenda kwenye visima vipya vilivyoko mbali na hapo hakuna barabara, na kiangazi tundra, yaani ule uwanda wa kule usio na miti, ni maji na tope na nyasi laini, lori likipita mara moja alama zake zinabaki miaka na miaka. Kwa hiyo wanasubiri Desemba, Januari. Serikali ya jimbo ina vipimo vyake, ardhi lazima iwe imefika nyuzi 5 chini ya sifuri kwa kina cha sentimita 30 na theluji iwe imefika sentimita 15 hivi kule pwani, ndo wanaruhusu magari makubwa kuingia. Wakiruhusiwa, wanatoboa barafu ya maziwa, wanavuta maji ya chini yake, malori ya matenki yanapita yakimwaga maji juu ya theluji iliyoshindiliwa, yanaganda, wanamwaga tena, yanaganda, tabaka juu ya tabaka mpaka barafu inafika sentimita 15 au zaidi, na hapo rigi nzima ya kuchimba inapita juu yake. Mwezi wa nne, wa tano, barabara inayeyuka inapotea na majani yanaota kama hakuna kilichopita. Ni kazi safi kwa kweli.

Sasa huo msimu umefupika. Miaka ya 1970 magari yalikuwa yanaruhusiwa kupita kwenye tundra zaidi ya siku 200 kwa mwaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikawa zimeshuka mpaka karibu 100. Baadaye walibadilisha namna ya kupima na vifaa vikaboreshwa, wakapata nafuu kidogo, ila mwelekeo ni ule ule, Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Ukiwa na mradi unaohitaji miezi minne ya barabara za barafu na wewe umepata mitatu, kazi ya mwaka mmoja inakuwa ya miwili, na wale wafanyakazi na mitambo unaendelea kuvilipia.

Huo ni upande wa barabara. Angalia msingi wenyewe. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba sehemu moja ya bomba, kaskazini ya Fairbanks, ardhi ya mteremko inayeyuka na baadhi ya nguzo zimeanza kuinama, ikabidi kampuni inayoliendesha ipewe ruhusa ya kuweka kama mirija 100 ya kunyonya joto kwenye ule mteremko ili uendelee kuganda. Mradi mpya wa mafuta wa Willow, kaskazini mwa Alaska, wa kampuni ya ConocoPhillips, ambao serikali ya Marekani iliupitisha Machi 2023, nao kwenye mipango yake una vifaa vya kugandisha ardhi chini ya majengo. Fikiria hilo, unachimba mafuta ambayo yakichomwa yanaongeza joto, na hapo hapo unanunua mitambo ya kugandisha ardhi ili uendelee kuyachimba. Mimi kila nikilisoma hilo nashindwa kulipita.

Na visima. Kisima kinapita ndani ya zile mita 600 za udongo ulioganda kabla hakijafika kwenye mafuta, na mafuta ya moto yakipanda miaka na miaka yanayeyusha udongo unaokizunguka, udongo unazama unavuta lile bomba la nje la kisima. Aprili 2017 kisima kimoja cha zamani pale Prudhoe Bay kilipasuka kikaanza kutoa gesi na kurusha mafuta, uchunguzi ukaonyesha chanzo ni huko kuzama kwa udongo, na mamlaka ya jimbo ikaagiza visima vyote vya muundo ule vikaguliwe. Hapo hatujaongelea pwani, ambako barafu ya bahari ilikuwa inazuia mawimbi, sasa bahari iko wazi muda mrefu na mawimbi yanakula ufukwe, sehemu nyingine zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Serikali ya Marekani ilibidi ikimbie kuziba visima vya zamani vya utafiti kwa sababu bahari ilikuwa inavifuata.

Urusi wameonja uchungu zaidi. Tarehe 29 Mei 2020, mji wa Norilsk, tenki la dizeli la kituo cha umeme lilishuka msingi wake likapasuka, zaidi ya tani 20,000 za dizeli zikamwagika, nyingi zikaingia mitoni, maji yakawa mekundu. Kampuni yenye kituo ilisema pamafrosti imelegea, wakaguzi wa serikali wakasema kulikuwa pia na makosa ya ujenzi na usimamizi. Mimi naona hayo mawili hayapingani, ardhi ikianza kulegea kila uzembe uliofichwa na baridi unajitokeza. Faini ilikuwa karibu dola bilioni 2 na ililipwa.

Na wenye nchi, wale Wainupiati wa pwani ya kaskazini. Wana mashimo waliyochimba kwenye pamafrosti ya kuhifadhia nyama ya nyangumi, mababu zao walichimba, nyama inakaa humo mwaka mzima bila umeme, na sasa baadhi ya hayo mashimo yanaingia maji na nyama inaharibika. Watu hawa hawana msimamo mmoja kuhusu mafuta na mtu asikudanganye kwamba wote wanapinga au wote wanataka. Halmashauri yao ya North Slope iliundwa 1972 na inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na kodi ya mali za kampuni za mafuta, shule, zahanati, maji ya bomba, vyote humo. Kijiji cha Kaktovik kina wengi wanaotaka uchimbaji kwenye hifadhi ya wanyama iliyowazunguka, wakati Wagwich'in walioko kusini mwa milima wanaupinga kabisa kwa sababu kulungu ambao wao wanawategemea kwa chakula huenda kuzalia kwenye uwanda ule ule. Nuiqsut, kijiji kilicho karibu zaidi na Willow, wenyewe kwa wenyewe wamegawanyika. Wewe wa Tanga unaelewa hayo bila kuelezwa sana, mkuza wa bomba ukipita kwenye kijiji kila nyumba inakuwa na hesabu yake.

Sasa utaniambia, sawa, nchi kavu imekuwa ngumu, ila baharini si kutakuwa wazi? Hapo jamaa yako ana nusu ya hoja. Sehemu kubwa ya mafuta na gesi inayokadiriwa kuwa Aktiki, kama asilimia 84, iko chini ya bahari, na ni kweli barafu ya bahari imepungua sana kiangazi. Ila kupungua sio kuisha, na kilichobaki hakitabiriki. Novemba 2021 njia ya meli ya kaskazini mwa Urusi iliganda mapema kuliko walivyotegemea na meli zaidi ya 20 zikakwama, ikabidi zisubiri meli za kuvunja barafu. Bahari ikiwa wazi pia inaleta mawimbi makubwa na dhoruba ambazo zamani barafu ilizituliza. Na vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea vinakwangua sakafu ya bahari, kwa hiyo bomba la chini ya maji lazima lifukiwe kina kirefu kuliko mfereji wa huo mkwaruzo.

Shell walijaribu. Bahari za Chukchi na Beaufort, kaskazini mwa Alaska, kampuni kubwa yenye hela na wataalamu. Desemba 31, 2012 mtambo wao wa kuchimbia, Kulluk, ukiwa unavutwa kurudi kusini ulikatikiwa na kamba kwenye dhoruba ukapanda kwenye miamba karibu na Kodiak. Wakarudi Chukchi 2015, wakachimba kisima kimoja, wakakuta kuna mafuta na gesi ila haitoshi kulipa gharama, Septemba mwaka huo huo wakafunga wakaondoka, wakiwa wameshatumia kama dola bilioni 7. Bilioni 7 na hakuna pipa hata moja lililouzwa.

Na mafuta yakimwagika huko baharini ni balaa jingine. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipopiga mwamba wa Bligh ilimwaga mapipa kama 257,000, na pale sio hata Aktiki yenyewe, ni kusini, hakuna barafu ya bahari, kuna bandari na boti karibu, na bado mafuta yalipaka zaidi ya kilomita 2,000 za pwani na miongo kadhaa baadaye ukichimba kwenye baadhi ya fukwe unayakuta chini ya mawe. Sasa weka hiyo ajali chini ya barafu, mwezi wa 12, giza saa 24, mafuta yamenaswa kwenye barafu inayosafiri, na kituo kikubwa cha walinzi wa pwani kiko zaidi ya kilomita 1,000. Hata Christophe de Margerie aliyekuwa bosi wa Total alisema wazi 2012 kwamba kampuni zisichimbe mafuta kwenye bahari ya Aktiki kwa sababu kuvuja kutaharibu kila kitu. Gesi aliikubali, mafuta hapana.

Na kwenye gesi nikubali kwamba kuna mafanikio makubwa. Mtambo wa gesi ya kimiminika (LNG) wa Yamal, Sabetta, Urusi, ulipakia meli ya kwanza Desemba 2017 na una uwezo wa zaidi ya tani milioni 16 kwa mwaka. Ila angalia sababu ya kufanikiwa kwake, gesi ili iwe kimiminika inapozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, na ukianza na hewa ambayo tayari ni baridi unatumia nishati kidogo kuliko ukianza na hewa ya Lindi. Majengo yamekaa juu ya maelfu ya nguzo zilizopigwa kwenye pamafrosti. Na gesi inasafirishwa kwa meli maalumu zinazovunja barafu zenyewe, 15, zilizoagizwa kwa ajili ya mradi huo. Kwa hiyo hata huu uliofanikiwa umesimama juu ya baridi.

Ile robo ya mafuta ya dunia imetokea kwenye makadirio ya taasisi ya jiolojia ya Marekani ya mwaka 2008. Walisema mapipa bilioni 90 ya mafuta na gesi futi za ujazo trilioni 1,669, ukichanganya vyote inafika kama asilimia 22 ya kile ambacho dunia haijakigundua bado. Haijakigundua! Mafuta peke yake ni asilimia 13 tu. Na yale makadirio hayakuweka gharama, ni kinachoweza kutolewa kwa teknolojia bila kuuliza kitalipa au la. Vitalu vya ile hifadhi ya wanyama ya Alaska walipovipiga mnada Januari 2021 walipata dola milioni 14.4 tu, mnunuzi mkubwa akiwa shirika la jimbo lenyewe, na mnada wa Januari 2025 haukupata mtu hata mmoja. Greenland walisimamisha leseni mpya 2021.

Sisemi Aktiki imekufa. Willow inajengwa, mradi wa Pikka wa kampuni ya Santos nao uko hapo jirani, na Norway walifungua Johan Castberg Machi 2025, mapipa 220,000 kwa siku kwenye bahari ya Barents. Ila tazama ziko wapi: mbili za kwanza zinategemea bomba ambalo lipo tangu 1977, na ile ya Norway iko kwenye bahari ambayo haigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya moto kutoka Atlantiki. Wanakwenda kwenye miundombinu na maji yaliyo wazi tangu zamani, hawafuati barafu inayoyeyuka.

Kwa Lindi sasa. Wanaotaka kujenga ule mtambo wa kugeuza gesi yetu kuwa kimiminika ni Equinor ya Norway na Shell pamoja na washirika wao na shirika letu la mafuta, TPDC. Equinor ndo hao hao wa Johan Castberg na wa gesi ya Snøhvit kule Hammerfest inayotoka tangu 2007, Shell ndo hao hao wa Chukchi. Kwenye bomba lenu la Tanga kuna TotalEnergies na CNOOC, na wote wawili waliweka hela kwenye gesi ya Aktiki ya Urusi pia. Kampuni hizi zinafanya kazi pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mradi wa gesi wa Urusi wa Arctic LNG 2 ambao ungekuwa mshindani wetu uliwekewa vikwazo na Marekani Novemba 2023, meli zake zikahangaika kupata wanunuzi. Kinachoichelewesha Lindi kiko mezani, sio kaskazini. Gesi iliyogunduliwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57 hivi, sehemu kubwa iko kwenye maji ya kina kirefu, uwekezaji unakadiriwa dola bilioni 42, makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya mgawanyo wa mapato, kodi, na nani anabeba hasara bei ya gesi ikianguka. Jamaa yako akitaka kufuatilia kitu, afuatilie hayo masharti na bei ya LNG Asia, na aulize ule mtambo ukijengwa gesi kiasi gani itabaki kwa matumizi ya ndani na kwa bei gani, maana hilo ndo litakalofika mpaka jikoni kwake.